Mali ya Kuingia Kwenye Lori

Sofa ndilo lililokataa kwanza kuingia ndani. Wakalijaribu kwa ubavu, wakaligeuza miguu juu, wakang'oa hata mlango wa mbao wa wifi yangu ili kupata nafasi zaidi, na bado likagoma. Wale askari vijana waliotusindikiza na lori la jeshi walikuwa na haraka ya kugeuza kabla giza halijawakuta njiani. Wakaliacha sofa uani, karibu na banda la kuku, wakaanza kushusha vingine.

Likashuka friji, na upande ule wa Milanzi, nje ya mji, umeme ulikuwa haujafika. Likashuka kabati la vioo, refu, la mninga, lenye milango miwili ya kusukuma na kioo cha kujitazamia katikati. Zikashuka chupa za chai zenye maua, seti za sahani ambazo hazijawahi kuliwa chakula, redio kubwa yenye spika mbili, vitambaa nilivyofuma kwa mikono yangu kwa miaka yote ya ndoa. Majirani walikuwa wamekwisha kujaa. Wanawake walitoka na watoto migongoni, wengine na jembe begani, wakasimama kwenye ule upepo wa kiangazi unaokata masikio, wakatazama mali yetu ikipangwa juu ya mavumbi.

"Afande amerudi na duka zima," mmoja akasema, na wenzake wakacheka vizuri tu, bila ubaya.

Kisha mama mmoja mtu mzima akaniuliza, naye aliuliza kwa moyo safi kabisa, "Na nyumba yenu, mwanangu, mmeijenga upande gani?"

Nilijifanya namwita mtoto. Sikuwa na mtoto wa kumwita, wote walikuwa ndani. Uso ulinichoma kama mtu aliyefunua chungu kinachochemka, na mpaka leo nikipita mahali pale nahisi joto lile mashavuni.

Hatukuwa na nyumba. Mume wangu alikuwa amelitumikia jeshi ujana wake wote, akastaafu na cheo cha sajini, na siku ya kukabidhi funguo za kota ya jeshi ndipo tulipogundua, kama watu walioamshwa na maji baridi, kwamba hatuna hata mahali pa kutundika koti. Wifi yangu, dada yake mkubwa, mjane anayelima mahindi na ulezi, alitupa vyumba viwili katika nyumba yake. Watoto wetu walilala chumba kimoja na magunia.

Mtu asiyeishi kambini atasema tulikuwa wajinga. Nami nasema hivyo, lakini napenda nijitetee kidogo. Maisha yetu yote yalikuwa ya kuhama. Amri ya uhamisho ikija unapewa lori, na chochote kisichoingia kwenye lori si chako. Shamba haliingii. Kiwanja hakiingii. Ng'ombe ukimwacha kwa mtu, atakuandikia kwamba amekufa. Kwa hiyo mke wa mwanajeshi akipata hela ananunua kitu kinachofungika kwa kamba. Tulipimana kwa hivyo. Lori la uhamisho likiingia kambini wanawake tulitoka vibarazani kutazama linashusha nini, na kabla jioni haijafika tulikuwa tumekwisha kujua mgeni wetu ni mtu wa namna gani.

Tena kulikuwa na ile miaka ya foleni. Uraiani watu walifulia majani ya mpapai, na sisi duka la jeshi lilikuwa na sabuni. Redio kama yangu ungeweza kubadilishana na mtamba, na mwenye mtamba akaona amekupunja. Nani angeniambia kwamba vitu si akiba? Vitu vilipanda bei kila mwaka. Nilikuwa nikilifuta vumbi kabati langu naona nafuta vumbi benki.

Halafu ikaja ruksa. Mipaka ikafunguka, na bidhaa zikaingia kwa kila njia. Sisi kule kambini hatukuona tofauti mara moja, tulifurahi tu kwamba vitu vimekuwa vingi. Nilikuja kuona siku ya pili ya kurudi kwetu, nilipokwenda mjini Sumbawanga kununua chumvi. Kila duka lilikuwa na chupa za chai zenye maua, zimepangwa mpaka darini. Nikauliza bei. Mwenye duka akanitajia bei ya kutupa, nikaondoka bila kununua hata hiyo chumvi.

Na aibu ilinizidi kwa sababu tulikuwa tumefundishwa. Miaka michache kabla ya kustaafu, alikuja kambini kapteni mmoja wa kike wa mambo ya fedha, mwembamba, mwenye sauti ya upole, akatukusanya wake za askari bwaloni. Alitufundisha mambo mepesi sana. Weka kwanza akiba ya kula, alisema, ya miezi ambayo mshahara umechelewa au mtu ameugua. Hela ya chakula usiipeleke mahali inapoweza kupotea. Usiweke yote katika kitu kimoja. Mtu akikuuzia kitu kinacholeta faida, muulize kwa nini anakiuza. Akatueleza na habari za hisa, kwamba mashirika ya umma yanauzwa, na siku moja hata mwananchi wa kawaida ataweza kununua kipande cha kiwanda na kupewa karatasi yake.

"Kipande cha kiwanda utakipakiaje kwenye lori, Afande?" niliuliza mimi, na bwalo zima likaangua kicheko. Nilikuwa mtu wa maneno. Wenzangu walikuwa wakinitania kwamba Mfipa wa Sumbawanga hagombwi, atakuroga, utaamka asubuhi umelala juu ya paa, na mimi nilikuwa nikiwajibu vilevile. Kapteni alicheka pamoja nasi. Kisha akauliza, "Nani kati yenu ana kiwanja? Popote. Anyooshe mkono." Hakuna aliyenyoosha. Akafunga kitabu chake. Mimi nilirudi kwenye kufuma kitambaa changu cha kochi. Kumbe ile karatasi ya hisa ndiyo ingekuwa mali pekee ya kuingia kwenye lori bila kuvunjika njiani.

Basi tulikuwa Milanzi, na kilichobaki mkononi mwetu kilikuwa kiinua mgongo cha mume wangu. Kilikuwa benki, hakijaguswa. Hela ya namna hiyo mtu huipata mara moja, na baada yake hakuna nyingine.

Mume wangu alikuwa hatoki nje mchana. Alfajiri aliamka kama kawaida yake, akang'arisha buti, akazivaa, kisha akakaa kitandani. Njiani watu walimwita Afande kwa heshima zote na kumuuliza anajenga wapi, na hilo ndilo lililomfungia ndani. Mtu aliyezoea kusimama mbele ya askari mia akawa anachungulia dirishani kwanza ndipo aende chooni. Nilimwonea huruma, na nilimwonea hasira pia.

Ndipo akatokea rafiki yake, naye mstaafu, aliyetangulia kutoka jeshini. Alikuwa anauza lori. Alikaa kwenye sofa letu pale uani, kwenye kuku, akamwaga maneno matamu kwelikweli. Biashara ya mahindi sasa ni ruksa, alisema, ushirika hauna tena hela ya kuwalipa wakulima, na mwenye lori ndiye mfalme. Unateremka bondeni, bonde la Rukwa, mpaka Milepa, unanunua kwa wakulima na wafugaji waliohamia kule, unapandisha mjini, unaunganisha Tunduma mpakani. Safari chache tu, hela yako imerudi. Mume wangu alimsikiliza akiwa amenyooka mgongo, na kwa mara ya kwanza tangu turudi nilimwona akicheka.

Lori lenyewe lingemeza kiinua mgongo chote.

 Asubuhi yake, wifi alipokwenda shamba, nikamwambia mume wangu, "Hela hii haiji mara ya pili, baba watoto."

"Najua. Ndiyo maana nataka izae."

"Izae sisi tukiishi wapi? Na mvua zikianza, ile njia ya bondeni ikikatika, tutakula nini? Tena, kama linalipa hivyo, kwa nini yeye analiuza?"

"Umeanza lini kujua mambo ya magari?"

"Sijui magari. Nauliza tu."

Alisimama. Alikuwa mtu mpole, hajawahi kuniinulia mkono wala sauti, na siku hiyo pia hakuinua. Alisema taratibu, kila neno peke yake. "Mimi nilileta mshahara. Wewe ndiye uliyeugeuza makabati. Leo nataka kuwaonyesha watu kwamba sikurudi mikono mitupu, unanifundisha uwekezaji."

Ningeweza kumjibu. Ningeweza kumkumbusha kwamba redio aliichagua yeye, na friji alilileta yeye akitabasamu mpaka magego yanaonekana. Lakini kabati lilikuwa langu, nililililia mwaka mzima mpaka nikalipata, na wote wawili tulilijua hilo. Nikaona haya mbele ya mume wangu kama msichana aliyefumaniwa anadokoa mboga.

"Nitaviuza," nikasema.

"Utauzia wapi?"

"Hapo nje."

Akacheka, kicheko kibaya. "Wewe? Uviweke barabarani, wale wale waliotuona tukishusha waje watuone tunauza? Haya. Liuze hilo kabati kabla huyu bwana wa lori hajarudi kutoka Tunduma mwisho wa juma. Ukiliuza, sinunui lori, tutafanya unavyotaka wewe. Usipoliuza, unyamaze kabisa."

Alikuwa na uhakika kwamba sitathubutu. Mimi mwenyewe sikuwa na uhakika kwamba nitathubutu. Lakini wifi alikuwa amenisikia siku moja nikiulizia viwanja, na mzee mmoja wa ukoo wao alikuwa tayari kutukatia kipande pembeni mwa shamba lake kwa bei ya kindugu. Bei ya vyombo vyetu na kabati ingetosha kipande hicho, na kiinua mgongo kingebaki kizima kwa kujengea na kwa akiba. Nilijikaza kisabuni. Siku ya soko, watu wanapopita kwa wingi kwenda mjini, nikatandika mkeka mbele ya nyumba na kuanza kutoa vitu. Wifi alinisaidia kimya kimya. Mume wangu alifunga dirisha la chumbani.

Sijawahi kuwa uchi mbele za watu, lakini nadhani ndivyo inavyokuwa. Kila mtu alishika kila kitu. Walifungua vifuniko, wakanusa ndani ya chupa, wakagongagonga sahani kwa kucha. Vitambaa vyangu mama mmoja alivitandaza juu ya nyasi kutafuta matundu. "Mjini mpya inauzwa chini ya hapo," waliniambia kila nilipotaja bei, na walisema kweli, na nilipunguza. Yule mama aliyeniuliza habari za nyumba alinunua chupa ya chai. Alinilipa bei niliyoitaja bila kupunguza, kwa huruma, na afadhali angenipunja. Sofa lilichukuliwa na mwenye kilabu cha pombe. Friji halikupata mtu, redio ilipata. Ila kabati kila mtu alilisifu, akajitazama kwenye kioo, akaweka sawa kilemba chake, akapita. Nani alikuwa na chumba cha kuweka kabati kama lile?

Siku zikapita hivyo, kabati likiingizwa chini ya ukingo wa paa jioni na kutolewa asubuhi. Mume wangu alibaki chumbani. Wakati mwingine nilihisi anafurahi, wakati mwingine nilihisi anaumia.

Siku ya kuamkia kurudi kwa yule bwana wa lori, jua likiwa limeanza kupoteza nguvu, walikuja watu wawili na gari la pikapu la kukodi. Msichana, kwa kweli ni mama kijana, nywele zimetiwa dawa ya kalikiti zinang'aa mafuta, kitenge kipya kinachonukia duka. Nyuma yake kijana aliyevaa kiraia na buti za jeshi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, karibuni."

Hakuziangalia sahani zilizobaki. Alikwenda moja kwa moja kwenye kabati, akasukuma mlango wa kioo, ukateleza vizuri bila kukwama kama nilivyouzoesha kwa mshumaa. Akageuka.

"Mama, hili linafunguka? Sisi ni watu wa kuhamahama. Mwenzangu ni mwanajeshi, tuko likizo tu. Lazima liingie kwenye lori."

Nilijibu kabla sijafikiri. Nilimwonyesha skrubu za nyuma, nilimwonyesha jinsi rafu zinavyotoka na milango inavyovuliwa, nilimwambia kioo kisafirishwe kimesimama na kamwe kisilazwe. Nilieleza kwa raha, kwa majivuno, kama mama anayesifia binti yake kwa wakwe. Nilikuwa nimefika katikati ndipo nikaliona tena lile bwalo la kambini, na kapteni, na mimi nimekaa na kitambaa changu nikicheka.

 Yule binti alikuwa ananitazama akisubiri.

Niseme ukweli wa moyo wangu ulivyokuwa. Niliona wazi kabisa lori litakalomshusha siku moja uani kwa mtu. Na niliona pia lori la yule bwana, linarudi kesho kutoka Tunduma. Nikasema, "Mwanangu, vitu kama hivi... mngetazama kwanza na mambo mengine." Nilisema kwa sauti ndogo, nimeinamia skrubu, sauti ya mtu anayeonya huku akiomba asisikilizwe.

"Mambo gani, mama?" Macho yake yakabadilika. "Unaniona sina hela?"

"La, sikusema hivyo."

"Kule kwetu mwenzangu mmoja analo, na watu wote wanakwenda kukaa kwake. Hili ni zuri kuliko la kwake. Wewe sema bei."

Nikasema bei. Ile ya siku ya kwanza, ambayo kila mtu aliicheka. Hakuomba kupunguziwa hata kidogo. Alifungua pochi mbele ya majirani, akahesabu kwa mkono ulioinuliwa juu ili waone, na mimi nikapokea kwa mikono miwili.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Mume wangu akatoka mchana kweupe, bisibisi mkononi. Alikuwa amesikia yote. Kijana alipoziona buti zake na mwendo wake, alijua mara moja, akakakamaa. "Jambo Afande!"

"Jambo." Akamtazama kutoka juu mpaka chini, akamrekebisha kola. "Njoo ushike huku. Nikufundishe kulifungua, usije ukamvunjia mkeo."

Walilifungua pamoja, ubao kwa ubao. Mume wangu alifunga kamba kwa mafundo yake ya kijeshi, akazivuta, akaridhika. Nilikuwa nasubiri amwambie yule kijana kitu, mwanaume kwa mwanaume, sajini kwa askari. Nadhani na yeye alikuwa anasubiri niseme mimi. Tulitazamana juu ya ule mzigo, tukatazama pembeni.

Kesho yake yule bwana alipofika, mume wangu alimpokea mlangoni amesimama, akamwambia ameahirisha. Alitimiza neno lake, na hakuwahi kunilaumu. Lori lile lilinunuliwa na mtu mwingine, na kama msomaji anangoja niseme lilifia kwenye mteremko wa Milepa, halikufa. Lilimlisha yule mtu vizuri kwa miaka, na kila lilipopita mbele yetu mume wangu alinigusa kiwiko na kusema, "Mfalme anapita." Nilistahili utani huo. Sikuwa najua lori litafanikiwa au halitafanikiwa. Nilichojua ni kwamba watoto wangu hawangeweza kulala ndani ya swali hilo.

Tulifyatua matofali na kuyachoma wenyewe. Akiba ya kula ilibaki benki, haikuguswa mpaka mume wangu alipougua. Kwa sehemu ndogo tulinunua ulezi wakati wa mavuno, tukauweka kwenye kihenge cha wifi, maana ulezi hukaa muda mrefu bila kubunguliwa, na tukauza watu walipoutafuta kwa pombe. Miaka ya baadaye, hisa zilipoanza kuuzwa kwa wananchi, nilinunua chache, karatasi nikaiweka ndani ya Biblia. Si utajiri. Mtu akiniuliza nimejenga wapi, ninanyoosha kidole.

Hela ya lile kabati ndiyo iliyomalizia kiwanja. Mvua kubwa za hapa zikipiga juu ya mabati usiku, najifunika, nashukuru Mungu, na baadaye kidogo ile aibu inaingia chini ya blanketi pamoja nami. Yule binti alichungulia kutoka kwenye pikapu wakati wanaondoka, ameshaacha kunikasirikia, amefurahi, akapiga kelele, "Mama, nitalitunza!"

Nami nilimkimbilia mpaka dirishani kumuuliza kama ana blanketi la kuzungushia vioo. Sikumuuliza kama ana kiwanja.